Kasha Jipya, Kioo Kile Kile

Miongoni mwa wanaopiga filamu kwa kamera za dijitali imejengeka imani inayosemwa sasa kana kwamba haihitaji ushahidi. Inasema kwamba lenzi ya zamani ya picha mnato, vioo vyake vikitolewa kwenye kasha la kiwandani na kuvishwa kasha jipya, inageuka kuwa lenzi ya sinema. Kwamba humo ndimo inamopatikana ile picha laini yenye joto ambayo lenzi mpya haziwezi kuitoa. Na kwamba hii ndiyo njia ya mtu mwerevu asiye na fedha za kununua lenzi za Cooke au ARRI. Imani hii inawala watu fedha nyingi, na inamaliza lenzi ambazo hazitatengenezwa tena. Ni potofu karibu kila mahali unapoigusa.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wanaoisifu hawajawahi kujiuliza inahusu nini hasa. Fundi anaifungua lenzi, tuseme Canon FD au Leica R, na kuyatoa makundi ya vioo yakiwa ndani ya vishikio vyake. Pipa la alumini, mizunguko ya skrubu inayosogeza vioo mbele na nyuma, pete ya mwanga yenye vidato na kifungio cha kamera vinawekwa kando. Halafu kasha jipya linachongwa kwa mashine. Pete ya fokasi inapewa meno ya kipimo cha 0.8 ili gia ya mota iikamate. Mzunguko wake unarefushwa, kutoka digrii 90 au 120 hivi hadi 270 au 300. Pete ya mwanga inaondolewa vidato ili izunguke bila kusita, alama za umbali zinachorwa upya, kipenyo cha mbele kinalinganishwa kwa seti nzima, na nyuma kinafungwa kifungio cha PL au LPL. Hiyo ndiyo kazi. Katika orodha nzima hakuna kioo hata kimoja kilichobadilika.

Wanaoitetea wana sababu zao, na lazima zisemwe kwa haki. Sony Venice ilipotangazwa mwaka 2017 na ARRI Alexa LF mwaka 2018, kamera kubwa za sinema zilipata vihisi vya ukubwa wa fremu kamili. Kile cha Alexa LF kina milimita 36.70 kwa 25.54. Lenzi nyingi za sinema za miongo iliyotangulia ziliundwa kwa Super 35, ambayo ulalo wake ni kama milimita 31, kwa hiyo zikifungwa kwenye kamera hizi pembe za picha zinaingia giza. Lenzi za picha mnato, kwa upande wake, tangu mwanzo zilitakiwa kufunika fremu ya milimita 36 kwa 24. Zilikuwapo tayari, kwa wingi, zimelala kabatini. Wakati huohuo wapigapicha walikuwa wanalalamika kwamba vihisi vipya vikikutana na lenzi mpya vinatoa picha kali mno, isiyouhurumia uso wa mtu. Majina makubwa nayo yamepita njia hii: mpigapicha Greig Fraser alitumia lenzi za Kisovieti zilizobadilishwa makasha katika Dune: Part Two ya mwaka 2024, na mwongozaji Stanley Kubrick alikuwa ametumia lenzi ya picha mnato katika Barry Lyndon, mwaka 1975. Ukiyaweka pamoja haya, hoja inaonekana imekamilika: sura ya kale, uimara wa kisasa, bei ya kati.

Sura ya picha

Hoja hii inauzwa kwa sura ya picha, na hapo ndipo inapoanza kupasuka. Mambo yanayoipa lenzi ya zamani sura yake yanajulikana. Ni mpangilio wa vioo, aina ya kioo, utando wa kupunguza mwakisiko, umbo la tundu la mwanga, na kasoro ambazo wabunifu wa enzi zile walishindwa kuziondoa au waliamua kuishi nazo. Helios 44-2 ya Kisovieti, 58mm f/2, huonekana kama inaizungusha mandharinyuma. Sababu iko katika ukoo wake: inatokana na Biotar ya Zeiss iliyobuniwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, na miale inayopita karibu na kingo zake hukatwa na mdomo wa lenzi yenyewe, hivi kwamba madoa ya mwanga yaliyo pembeni yanabanwa, kisha yanajipanga kulizunguka eneo la katikati. Jambo hili hutokea Helios ikiwa kwenye kasha lake la asili lisilofika gramu 300, na litatokea vilevile ikiwa ndani ya kasha la maelfu ya dola. Fremu ya miwani haibadilishi namba ya kioo. Weka kamera kwenye stendi, weka tundu la mwanga kwenye kipimo kilekile na mtu kwenye umbali uleule, piga kwa lenzi ya kasha la asili kisha kwa nyingine ya aina hiyohiyo iliyovishwa kasha jipya. Tofauti utakayoiona ni ile ambayo ungeiona kati ya nakala mbili zozote zilizotoka kiwandani. Anayelipia kasha kwa ajili ya sura ya picha analipia kitu alichokuwa nacho tangu siku aliyoinunua lenzi.

Atakayejibu kwamba karakana nyingine hugusa vioo pia yuko sahihi. Wapo mafundi wanaoongeza idadi ya visu vya tundu la mwanga ili madoa yawe ya duara zaidi, wanaokwangua utando wa kioo cha mbele ili mwanga utawanyike, wanaobadilisha kwa makusudi nafasi kati ya kioo na kioo. Lakini mtu huyo ameiacha hoja aliyoanza nayo. Alisema anataka sura ya lenzi ya mwaka 1975. Sasa analipia sura iliyobuniwa na karakana mwaka jana, kwa kutumia vioo vya mwaka 1975 kama malighafi. Anaweza kuipenda, na hakuna wa kumkataza. Asiseme tu kwamba amehifadhi urithi.

Kuna ukinzani mwingine mzito zaidi. Sehemu kubwa ya ulaini unaopendwa katika lenzi za zamani haikutoka kwa mbunifu. Imetoka kwenye umri. Lenzi ya miaka 40 au 50 ina ukungu kati ya vioo, mvuke wa grisi uliotulia juu yake, mikwaruzo midogo ya kufutwa kwa ncha ya shati. Vyote hivi hutawanya mwanga, hulegeza weusi wa picha na kuweka utando hafifu juu ya taa na madirisha. Fundi mwadilifu akiifungua lenzi kwa ajili ya kasha jipya ataisafisha. Angekuwa hafanyi kazi yake kama asingeisafisha. Lenzi inarudi ikiwa kali zaidi na safi zaidi kuliko ilivyokwenda, na mwenyewe anashangaa imepoteza nini. Hata joto la rangi mara nyingine lina asili ya namna hii. Baadhi ya Canon FD 35mm f/2 za mwanzo zina kioo chenye thoriamu, ambacho hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na mwanga wa urujuanimno unaweza kukirudishia weupe wake. Mwenye lenzi hiyo ana mawili ya kuchagua. Akiirudishia weupe, joto alilolipenda linaondoka. Akiiacha, ndani ya seti yake anakuwa na lenzi moja ya manjano kando ya nne zisizo na umanjano huo, na kila tukio litahitaji kusawazishwa rangi kwa mkono wakati wa uhariri.

Kugeuka kuwa lenzi ya sinema

Dai la pili linasema kwamba kasha linaigeuza lenzi kuwa ya sinema. Linaaminika kwa urahisi kwa sababu kwa macho inaonekana hivyo: kubwa, nzito, nyeusi, ina meno na namba za rangi. Lakini kilichozitenga lenzi za sinema na za picha mnato tangu zamani si pipa peke yake. Ni jinsi picha inavyokaa wakati fokasi inasogea, na ni jinsi lenzi moja inavyokubaliana na nyenzake katika seti.

Tuchukue la fokasi, maana linapimika kwa kalamu na karatasi. Lenzi nyingi za zamani hulenga kwa kuyasogeza makundi yote ya vioo kwa pamoja. Kwa hesabu ya lenzi sahili, 50mm ikilengwa mbali kabisa huwa milimita 50 kutoka kwenye kihisi. Ili ilenge uso ulio nusu mita kutoka kwenye kihisi, lazima isogee mbele kwa zaidi kidogo ya milimita 6, na kwa kusogea huko picha inakuzwa kwa kama asilimia 12 au 13. Fikiria tukio la kawaida kabisa: mwanamke ameketi karibu na kamera, mlangoni nyuma yake anaingia kaka yake, na fokasi inatoka usoni kwenda mlangoni. Katika sekunde hiyo moja fremu inapanuka. Kitasa cha mlango kinasogea, kalenda iliyokuwa imekatwa na ukingo wa picha inaingia ndani, na mtazamaji anahisi kamera imetikiswa hata kama hajui ni nini kilichotokea. Katika picha mnato jambo hili halikuwa kosa, kwa sababu fremu ni moja na hakuna anayeona safari ya fokasi. Wabunifu wa lenzi kama Master Prime za ARRI na Zeiss, zilizotoka mwaka 2005, walitumia makundi ya vioo yanayosogea kwa kasi tofauti ndani ya lenzi ili kuipunguza hali hii. Mwenye karakana hana nafasi hiyo. Kasha lake, hata likichongwa kwa usahihi wa kupindukia, litayasogeza makundi yaleyale kwa milimita zilezile. Alichoongeza ni urefu wa safari ya mkono, na safari ya kioo imebaki kama ilivyokuwa.

Kisha kuna suala la seti. Cooke walipotoa S4 mwaka 1998 walizibuni kwa pamoja: zote zinafungua hadi T2 (T ni kipimo cha mwanga unaopita kweli kwenye lenzi), na rangi zake zimelinganishwa kiwandani. Mpigapicha anaweza kuwasha taa za tukio mara moja na kubadilisha lenzi bila kugusa chochote. Sasa tazama seti ya Kisovieti inayouzwa ikiwa imeshavishwa makasha yanayofanana. Helios ni ya ukoo wa Biotar. Jupiter-9, 85mm f/2, ni ya ukoo wa Sonnar, mpangilio wa vioo ulio tofauti kabisa. Mir-1, 37mm f/2.8, ambayo nyingi zimechongwa mdomoni maneno ya tuzo ya Brussels ya mwaka 1958, haihusiani na yoyote kati ya hizo mbili. Zilitoka kwenye viwanda tofauti, katika miaka tofauti, kwa utando wa rangi tofauti, na hakuna aliyewahi kukusudia picha zake ziunganishwe katika tukio moja. Zaidi ya hapo, Mir-1 inapitisha mwanga nusu tu ya unaopitishwa na wenzake wawili zinapofunguliwa kikamilifu. Mkuu wa picha anayetaka seti hii ifanye kazi kama seti atalazimika kuziwashia taa zote kwa kiwango cha ile iliyo dhaifu kuliko zote. Canon FD nazo, pamoja na kwamba zilitoka kampuni moja, zina 35mm ya f/2 kando ya 50mm na 85mm za f/1.2. Namba za T zinazochorwa kwenye kasha jipya ni matokeo ya kipimo. Zinakuambia kwa usahihi jinsi lenzi zako zisivyolingana, lakini hazizilinganishi.

Kuna manufaa ya kweli katika makasha yanayofanana, nami siyakatai: pete za meno zinakaa mahali pamoja, mota haihamishwi kila lenzi inapobadilishwa, kisanduku cha vichujio kinaingia bila pete ya kuongezea. Manufaa haya yanahesabika kwa dakika za kazi. Hayahusu picha hata kidogo, na hapa ndipo swali kubwa linapokuja.

Mkono wa nani?

Kila kitu kilichoongezwa kwenye kasha jipya kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja: msaidizi wa kamera anayeshika fokasi. Digrii 300 za mzunguko ni zake. Alama za umbali zilizotawanyika ni zake, kwa sababu anapima kwa utepe, anaweka alama kwa kalamu, na anatakiwa airudie alama ileile katika jaribio la saba kama alivyofanya katika la kwanza. Pete isiyocheza ni yake, maana pete ya zamani yenye grisi iliyokauka huweza kugeuka kidogo kabla kioo hakijaanza kusogea, na kwenye f/1.4 kidogo hicho ndicho tofauti kati ya jicho na sikio. Kwa maneno mengine, kubadilisha kasha ni uwekezaji katika kazi ya mtu fulani kwenye seti. Thamani yake inategemea kama mtu huyo yupo.

Katika timu nyingi ndogo za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala zinazopiga video za muziki, harusi, matangazo na filamu za hali halisi, hayupo. Mpigapicha ndiye anashika kamera, ndiye anaweka mwanga, na kiganja chake cha kushoto ndicho kinachozungusha lenzi. Kwa mtu huyu digrii 300 ni mzigo. Kifundo cha mkono wa binadamu hakiwezi kuzunguka kiasi hicho kwa mshiko mmoja. Atageuza theluthi ya njia, aachie, ashike tena, ageuze, na wakati huo mhusika ameshapita. Pete fupi ya digrii 100 ya lenzi ya picha mnato ilibuniwa kwa mkono kama wake, yaani wa mtu anayetafuta fokasi peke yake akiwa amesimama barabarani. Ongeza uzito. Helios iliyokuwa nyepesi kuliko simu mbili sasa inahitaji fimbo za kuishikilia, na gimbal iliyokuwa imesawazishwa asubuhi inatakiwa kusawazishwa upya kila mara. Amelipa ili kazi yake iwe ngumu zaidi, kwa sababu aliambiwa kwamba vifaa vya watu wakubwa ndivyo vinavyotoa picha za watu wakubwa.

Hata pale ambapo mshika fokasi yupo, teknolojia ya mota isiyotumia waya imekula sehemu ya hoja. Kifaa cha mkononi kinapima mwanzo na mwisho wa safari ya lenzi, kisha kinaitandaza safari hiyo juu ya mzunguko mzima wa kitufe chake. Digrii 100 za lenzi zinakuwa mzunguko mpana mkononi mwake. Lenzi ikiwa imechakaa na inacheza, mota haitaliponya hilo. Lakini dawa ya lenzi inayocheza ni kusafishwa na kutiwa grisi mpya, kazi ya sehemu ndogo sana ya gharama ya kasha. Pete ya meno nayo inapatikana peke yake. Pete ya mwanga inaweza kuondolewa vidato bila kuivunja lenzi nzima. Matengenezo haya madogo yanagharimu mamia ya dola pale ambapo kasha linagharimu maelfu, na yanamfikisha mtu mbali kuliko anavyoambiwa.

Kifungio cha PL kilikuwa hoja nzito zamani, na kinastahili jibu. PL inaiweka lenzi milimita 52 kutoka kwenye kihisi, wakati Canon FD ilibuniwa kwa milimita 42 na Nikon F kwa 46.5. Lenzi hizo haziwezi kufungwa kwenye PL kwa adapta ya kawaida, kwa sababu vioo vinatakiwa vizame ndani zaidi ya mdomo wa kamera. Kwa kamera ya PL, basi, matengenezo makubwa hayakwepeki. Ila kamera ambazo timu ndogo zinazimudu leo si za PL. Sony FX6 na FX3 zina kifungio cha E chenye milimita 18. RED Komodo ilikuja na RF yenye milimita 20. Blackmagic ya 6K ya mwaka 2023 ina L, nayo ni milimita 20. Adapta ya chuma isiyo na kioo chochote inatosha, na lenzi inabaki nzima.

Kubrick anatajwa kila mara kama shahidi wa upande wa pili, kwa hiyo inafaa asikilizwe vizuri. Planar ya Zeiss ya 50mm f/0.7 ilitengenezwa kwa ajili ya NASA katika miaka ya 1960, na zilitoka kumi tu. Kubrick alipata tatu. Aliitaka kwa sababu moja, mwanga: alikusudia kupiga matukio ya ndani kwa mishumaa, na hakukuwa na lenzi ya sinema iliyoweza. Fundi Ed DiGiulio ndiye aliyeifunga kwenye kamera ya Mitchell BNC, na kamera yenyewe ikabidi ichongwe ndani kwa sababu kioo cha nyuma kilitakiwa kukaa milimita chache tu kutoka kwenye mkanda. Ukanda wa fokasi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kamera ya video iliwekwa pembeni, kwa pembe ya digrii 90, ili mshika fokasi Doug Milsome aone mwigizaji ameinama mbele au nyuma kwa kiasi gani. Kila hatua ilikuwa na tatizo lililotajwa na mtu aliyehitaji jibu lake. Anayechukua lenzi ya f/2 ambayo tayari inafungika kwenye kamera yake, akaivisha kasha kwa kumfuata Kubrick, amechukua jina na kuiacha hoja.

Fedha

Hapa sihitaji kukaa sana. Kuvisha lenzi moja kasha kamili katika karakana zinazojulikana, ambazo ziko Uingereza, Ujerumani, Ufini, Ukraine na California, ni maelfu ya dola, na bei hiyo haijumuishi lenzi. Seti ni lenzi tano au sita. Anayetaka nakala zinazofanana hununua mbili au tatu za kila moja ili achague. Kutoka Mombasa au Dar kuna ndege, bima, ushuru wakati wa kurudi, na miezi ya kusubiri ambamo lenzi haiingizi chochote. Kwa upande mwingine zipo lenzi za sinema za fremu kamili kutoka China zinazouzwa karibu na dola 1,000 kila moja, zikiwa zimelinganishwa na zina dhamana. Sigma walitoa mwaka 2016 lenzi za sinema zenye vioo vya lenzi zao za picha mnato za Art, na Zeiss walikuwa wameshafanya jambo hilohilo katika CP.2. Hiyo ni kazi ileile ya kuvisha vioo vya picha mnato kasha la sinema, ila imefanywa na kiwanda kwa vioo vipya vinavyolingana. Akisema hizo ni kali mno na hazina sura ya kale, tumerudi kwenye kioo, na kioo cha kale anaweza kukitumia leo kwenye kasha lake la asili.

Kisichorudi

Gharama iliyofichika kuliko zote haimo kwenye ankara. Canon waliachana na mfumo wa FD walipoleta EF mwaka 1987. Kyocera waliacha kamera za Contax mwaka 2005. Leica walisimamisha R mwaka 2009. Hakuna kiwanda kinachoongeza idadi ya lenzi hizo. Kila moja inayovishwa kasha la PL inatoka milele mikononi mwa wanafunzi na wapigapicha wa mtaani ambao kwao lenzi ya zamani ya mkono ndiyo ilikuwa njia ya kwanza ya kumiliki kioo kizuri kwa bei ya kawaida. Nyuma ya kila lenzi iliyokamilika huweza kuwapo nyingine zilizovunjwa ili kupata kioo kisicho na mkwaruzo au visu vizima. Na kadiri seti hizi zinavyosifiwa, ndivyo hata nakala mbovu zinavyopanda bei.

Isitoshe, lenzi iliyobadilishwa inakuwa mateka wa karakana iliyoibadilisha. Nikkor ya mwaka 1980 ikiwa kwenye kasha lake inaweza kufunguliwa na fundi yeyote mzoefu, kwa sababu maelfu kama hiyo zimeshafunguliwa na vipuri vinatoka kwenye nakala nyingine. Kasha jipya lina mchirizo wa fokasi uliochongwa kwa hesabu ya karakana moja, na michoro yake iko kwenye kompyuta ya karakana hiyo. Mchanga ukiingia kwenye mchirizo huo huko Turkana au Lamu, fundi wa karibu hana cha kulinganisha nacho. Karakana ikifungwa, mwenye lenzi anabaki na vioo vizuri ndani ya kasha lisiloweza kutengenezwa, huku kasha la asili likiwa limeshatupwa.

Watakaosema kwamba nyumba za kukodisha vifaa haziwezi kuishi bila kazi hii wana hoja, na ndiyo hoja pekee ninayoikubali yote. Lenzi inayotoka kila wiki kwenda kwa timu yenye mshika fokasi, mota na kamera ya PL, inayopita mikononi mwa watu wasioijua, itachakaa haraka kwenye pipa la alumini la mwaka 1978. Hapo kasha jipya linajilipa, na mwenye nyumba hiyo analipia hasa kile anachokihitaji: uimara, urudiaji na kasi ya kazi. Hata yeye anapaswa kudai mambo ambayo hayadaiwi vya kutosha. Kasha la asili na mizunguko yake ya skrubu virudishwe pamoja na lenzi, vikiwa na alama ya namba yake. Michoro ya mchirizo wa fokasi ikabidhiwe kwa aliyeulipia. Nafasi kati ya kioo na kioo iandikwe kama ilivyokutwa kabla ya kufunguliwa, na vioo visikwanguliwe utando kwa sababu ya mtindo wa msimu mmoja. Naye mteja anayekodi aonyeshwe, kabla ya kusaini, fremu inavyobadilika kutoka mbali hadi karibu kwa kila lenzi katika seti, pamoja na kiwango halisi cha mwanga cha kila moja, ili ajue anachokodi ni kioo cha picha mnato kilichorahisishiwa mshikaji.